Kati ya "zilipotea" na "nilizitumia": barua kwa shoga yangu aliyeko Bagamoyo

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana. Barua yako niliipokea Ijumaa pamoja na ule ukurasa ulioukunja ndani yake, ambao umeniomba niusome kwa jicho la mwalimu. Nimeusoma kwa jicho hilo, kisha nikausoma tena kwa jicho la mtu aliyekufahamu tangu tukiwa watoto wa chuoni, na kwa kuwa macho hayo mawili hayakuona jambo moja, nimeona nikujibu kwa urefu.

Unasema huu ni mwezi wa nane tangu uhamie Bagamoyo, kwamba umeingia kila nyumba yenye msiba na kila nyumba yenye harusi, na bado wanawake wa mtaa wako wanakuitikia salamu kwa adabu bila kukukaribisha kwenye mchezo wao wa akiba. Unasema pia kwamba yule fundi wa majahazi, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita, alianza kuja dukani kwa visingizio vya kununua kiberiti, akakaa, akazungumza, kisha akapoa. Ndipo ukaandika ukurasa ule wa kujieleza, ili ujue la kusema utakapoulizwa wewe ni nani na umetoka wapi.

Sentensi yako ya kwanza inasema: "Mimi ni mfanyabiashara mwenye uzoefu wa miaka 12, nimekuja Bagamoyo kupanua biashara." Ya tatu inasema: "Biashara ya Tanga iliyumba kidogo, fedha zikapotea, nikaamua kuanza upya." Hakuna uongo mkubwa hapo, nami sikushutumu. Lakini nilipoifikia hiyo "zikapotea" niliiweka karatasi chini nikatoka uani, kwa sababu mimi ni mmoja wa wanawake 11 ambao fedha zao zilikuwa mikononi mwako.

Shoga yangu, lugha yetu ina mlango wa nyuma ambao sote tunaujua. Sahani ilivunjika, maziwa yalimwagika, fedha zilipotea, na aliyevunja, aliyemwaga na aliyepoteza haonekani popote katika sentensi. Watoto wangu darasani huupitia mlango huo kila siku, na masikio ya watu wazima huusikia ukifunguliwa hata kama hawawezi kueleza walichokisikia. Wewe ulikuwa mweka hazina wetu. Tulikukabidhi Sh. 10,000 kila mmoja kwa wiki, kwa wiki 20, tugawane kabla ya Idi, na wewe ukazichukua Sh. 2,200,000 ukanunulia mzigo wa vitenge ambao haukutoka. Hazikupotea. Ulizitumia. Naliandika neno hilo kwa sababu nakupenda, na kwa sababu neno la pili linalolifuata, ambalo ukurasa wako haukulitaja hata kwa herufi moja, ndilo ambalo lingekufungulia milango ya mtaa huo.

Ulitulipa. Ulinunua chuma cha vitumbua, ukaamka saa kumi za usiku kwa miezi 19, ukatulipa mmoja baada ya mwingine mpaka jina la mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa jina la mwisho, kwa kuwa ulisema rafiki ndiye anayeweza kusubiri. Nakumbuka usiku ule wa mvua ya masika ulipogonga mlango, umelowa, ukakaa kwenye kizingiti hutaki kuingia, ukafungua fundo kwenye pindo la khanga na kuanza kuhesabu noti za mia tano, noti za elfu na sarafu za mia mbili mbili, zote zikinuka hiliki na mafuta ya kukaangia. Ulipomaliza ulitoa daftari, ukaweka rula chini ya jina langu, ukapiga mstari taratibu kama mtoto anayeogopa kuchafua ukurasa. Mtu aliyeyafanya hayo anaandika vipi kwamba biashara iliyumba kidogo?

Najua utaniambia kwamba hakuna mwanamke atakayemwingiza kwenye mchezo mtu aliyewahi kula fedha za mchezo. Nimelifikiria hilo tangu Ijumaa. Ungekuwa umezila ukanyamaza, ningekubali. Lakini angalia ulipo: Bagamoyo si mbali na Tanga, watu wetu wanaoleana na mabasi yanapita kila siku, na siku moja atashuka mtu anayekujua, aseme kwa dakika mbili kile ulichokificha kwa miezi minane. Atasema sehemu ya kwanza tu, kwa maana ya pili haina ladha kwa msimulizi wa aina hiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tena huo ni mji uliozoea wageni wenye hadithi nzuri: uliwapokea wapagazi na matajiri wa misafara ya Tabora na Ujiji katika karne ya 19, ukawa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na wakati wote huo wenyeji walilazimika kupima nani wa kumkopesha na nani wa kumwoza binti. Sidhani wanawake wa mtaa wako wamekusikia ukidanganya. Nadhani wamesikia hadithi isiyo na mahali pa kushika.

Mimi mwenyewe nililipa gharama ya jambo hili. Nilipopangiwa shule yangu ya kwanza niliwaambia walimu wenzangu kwamba baba yangu alikuwa na shamba la mkonge. Baba alikuwa mkata mkonge. Alirudi jioni mikono ikiwa imechanwa na miiba, na hesabu ya kwanza niliyoijua maishani ilikuwa ya majani 30 kwa kila tita, aliyonifundisha kwa vijiti kando ya jiko. Mwalimu mmoja, ambaye baba yake alikuwa nyapara kwenye shamba hilo hilo, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jina la baba, akanyamaza. Hakunitangaza. Alichofanya ni kuacha kuniamini katika mambo mengine yote, hata niliposema kweli kuhusu chaki, na miaka miwili niliyokaa shule ile ilikuwa ya baridi. Sasa kila mwaka huwaambia wanafunzi wapya habari ya vijiti vile siku ya kwanza ya somo la hisabati, na wapo waliokuja baadaye kuniambia habari za baba zao ambazo hawakuwahi kumwambia mwalimu yeyote.

Lakini usichukue maneno haya ukaenda kumwaga yote kwenye sherehe ya kwanza utakayoalikwa. Nilipokuwa nasoma kozi ya unasihi tulifundishwa jaribio la mtafiti wa Marekani, Elliot Aronson, la mwaka 1966. Aliwasikilizisha wanafunzi kanda za mtu anayejibu maswali ya chemshabongo. Katika baadhi ya kanda mtu huyo alijibu sawasawa maswali 92 kati ya kila 100, katika nyingine alibabaika, na katika baadhi yao, mwishoni, alisikika akijimwagia kahawa nguoni. Yule hodari aliyejimwagia kahawa alipendwa zaidi kuliko yule hodari asiyejimwagia. Yule aliyebabaika, akajimwagia na kahawa, alipendwa zaidi kuliko aliyebabaika bila kujimwagia? Hapana, alipendwa pungufu. Nililiandika jambo hilo pembeni mwa daftari langu kwa wino mwekundu, kwa sababu watu wengi huambiwa wakiri udhaifu wao bila kuambiwa kwamba udhaifu huvuta moyo pale tu uwezo unapokuwa umeshaonekana.

Kwako wewe, uwezo huo wameuona? Umeniandikia kwamba duka linafunguliwa kabla ya jua kuchomoza, kwamba chenji yako haina utata, na kwamba ulipozidishiwa fedha na mtoto wa jirani ulizirudisha jioni ile ile. Basi msingi upo, na miezi minane si michache. Sasa inafaa kusema, na anayefaa kuambiwa kwanza ni yule mama mkubwa anayeendesha mchezo, nyumbani kwake, mkiwa wawili. Anza na kosa kwa sentensi moja yenye mtenda ndani yake: nilikuwa mweka hazina, nilizitumia fedha za wenzangu. Kisha chuma cha vitumbua, kisha miezi 19. Usiongeze kwamba soko lilikuwa baya, ingawa lilikuwa baya kweli, wala usimtaje yule aliyekushauri kununua vitenge. Yeye ana maisha yake Tanga na hakukupa ruhusa ya kuyapeleka Bagamoyo. Na usiombe kuingizwa kwenye mchezo siku hiyo. Ukiomba, yote uliyosema yatageuka kuwa bei.

Kuhusu fundi wa majahazi nina la kusema zaidi, maana hapo ndipo nilipohuzunika. Umeniandikia kwamba siku moja, jua likizama, alikuambia jinsi mkewe alivyofariki wakati yeye yuko baharini, na kwamba mpaka leo hawezi kupigilia misumari kwenye mbao za mvule bila kukumbuka, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya habari ilipomfikia. Nawe ukasema pole, ukanyamaza kidogo, kisha ukamweleza kwamba duka linaendelea vizuri na unafikiria kuongeza friji. Tangu siku hiyo akapoa. Shoga yangu, mwanamume yule alikuwa ameweka kitu chake kizito mbele yako akangoja, na wewe ukaweka friji.

Hakukuwa na ubaya moyoni mwako. Uliogopa, na mwenye kuogopa hukimbilia kujisifu. Lakini kuna mtafiti mwingine, Arthur Aron, ambaye mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwakalisha watu wasiojuana wawili wawili kwa dakika 45, wakiwa na maswali 36 yanayoanza na mambo mepesi na kuzidi kuingia ndani hatua kwa hatua, kila mmoja akijibu kwa zamu yake. Walioulizana maswali hayo walitoka wakijihisi karibu zaidi kuliko wale waliopewa mazungumzo ya juu juu kwa muda huo huo. Mimi naona siri haikuwa katika maswali. Ilikuwa katika zamu: sikufunulii mimi peke yangu, wala hunifunulii wewe peke yako, na hakuna anayeruka ngazi tatu wakati mwenzake bado yuko kwenye ya kwanza. Bao nalo halichezwi na mtu mmoja, tena wazee wetu wanaolicheza barazani humsubiri mwenzao bila haraka.

Kwa hiyo atakapokuja tena, na naamini atakuja kwa sababu mtu aliyesema jambo kama lile huwa bado ana hamu ya kusikilizwa, usianze na habari zako. Rudi kwenye lile alilosema. Muulize mkewe alikuwa akipenda nini, au nani alimpelekea habari. Msikilize mpaka amalize, na usilijaze kila pengo la ukimya. Baada ya hapo, kama zamu itakufikia, mwambie kitu kimoja chenye uzito unaolingana na chake. Pengine si fedha za mchezo. Hizo zinaweza kungoja siku nyingine, ingawa lazima azisikie kutoka kwako kabla ya neno lolote la posa. Unaweza kumwambia juu ya zile saa kumi za usiku, ulivyokuwa ukiwasha moto na kuusikia mji mzima umelala, na ulivyoniambia wakati ule kwamba hiyo ndiyo saa pekee uliyoweza kulia kwa sababu moshi ungesingiziwa. Mimi sijalisahau neno hilo, na sidhani naye atalisahau.

Umeniuliza mwishoni kama kuchagua la kusema na la kunyamazia si udanganyifu. Nimejiuliza hivyo pia. Ninavyoona, hata anayesimulia safari ya Pangani hataji kila mnazi, na hakuna anayemwita mwongo. Anakuwa mwongo akisema alivuka mto kwa pantoni wakati alizunguka. Unayo haki ya kuchagua uanze wapi, umwambie nani, na siku gani. Kipimo ninachokitumia mimi ni kujiuliza kama msikilizaji wangu, akija kujua yote, atasema "kumbe" kwa furaha au kwa uchungu.

Ukurasa wako nimekurudishia humu bila kuusahihisha. Pamoja nao kuna kitu ulichoniachia ule usiku wa mvua, ukasema hutaki kukiona tena, nami nikakihifadhi kwenye kasha chini ya khanga za mama. Ni lile daftari. Majina yote 11 yapo na mistari yake, na kwenye jina langu wino umetawanyika kidogo pale tone la maji lilipodondoka. Si la kumwonyesha mtu. Lisome peke yako, usiku, kabla hujaandika ukurasa mwingine. Mwanangu wa pili anasafiri Alhamisi kuja huko, na nimemwambia asilitoe kwenye begi mpaka akuone wewe kwa macho yake.

Niandikie fundi akija.

Shoga yako akupendaye,
wa Barabara ya Nane