Hamisi, nitafutie sili ya Canter

Dodoma, Juni

Kaka Hamisi,

Mbukwa! Huku wazima, ila baridi na vumbi la kiangazi. Najua kimya changu tangu ule msiba hukukipenda, tutagombana ukija. Leo nina shida.

Canter imelala uani. Nilikuwa natoka Kibaigwa na mahindi, kwenye kilima kidogo tu injini ikawa inanguruma na gari haliendi, kebini harufu ya klachi tupu. Kila aliyepita akasema pleti ya klachi imekwisha, nunua nyingine. Fundi wa gereji moja ya mjini naye akasema hivyohivyo bila hata kuinama, kisha akataja bei ya kushusha giaboksi. Kwa hela ile naoa tena, usimwambie Mama Neema.

Basi nimeishusha mwenyewe, vijana wa jirani wakinishikia jeki. Kufungua presha pleti, kile kifuniko kinachoibana pleti, nakuta pleti bado nene, pini zake za ribiti ziko chini kabisa hazijaguswa. Ila imelowa. Nikainusa. Oili ya giaboksi unaijua, ina ule ukali wa kiberiti. Hii hapana, nyeusi, nyepesi: oili ya injini. Kumbe sili ya nyuma ya krenki, ile pete ya mpira inayouzunguka mhimili wa injini kuzuia oili isivujie klachi, ndiyo imechoka. Nikifunga pleti mpya na sili ileile, msimu wa alizeti haujaisha nitakuwa tena chini ya gari.

Mama Neema anashauri niioshe kwa petroli niirudishe. Ningependa! Lakini lainingi, ile ngozi ya pleti inayosuguana, ikishakunywa oili, ikipata moto inaitapika.

Sasa hiyo sili. Madukani hapa wananiletea za "zinaingiliana", sili si ndala jamani. Wewe na Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri Dar, ni pua na mdomo. Ya zamani nimeiweka kwenye basi la usiku pamoja na pleti. Ubavuni ina namba tatu za milimita: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Ya unene imefutika, kwa hiyo wapime kwa venia, kile kifaa cha kupimia milimita, wasikadirie kwa macho. Pleti nayo wahesabu meno ya katikati na kupima kipenyo. Muuzaji akikwambia "hii ya Canter zote", ondoka. Injini yangu ni 4D33. Na beringi ya klachi uchukue, siwezi kushusha giaboksi tena kwa ajili ya kitu kidogo kile.

Krenki nimeipapasa kwa kucha, mdomo wa sili umeichimba kidogo. Sina wasiwasi sana. Sili mpya sitaizamisha mpaka mwisho, nitaiacha nje kama milimita moja, mdomo ukae kwenye chuma kizima. Flaiwili, lile gurudumu la chuma pleti inakobanwa, ina madoa ya buluu ya moto, hiyo naipeleka kwa wachonga vyuma. Lakini yote yanasubiri sili, kaka. Ukikosa pleti nitahangaika, sili usikose.

Hela nakutumia kwa simu ukishajua bei. Yule mzee wa kofia bado anauza palepale, au duka kamwachia mwanawe? Shemeji ameshajifungua? Mbona hamsemi? Na wewe treni ya umeme unaipanda lini uje, au unangoja zabibu ziive? Juma alikulipa?

Mzigo mwambie kondakta aushushe stendi ya Nane Nane. Ule wa mwaka jana ulipitiliza mpaka Singida.

Wako,
Yona