Kuhusu ule ukuta wenu, na Yeremia anayepanda teksi

Ndugu yangu, mchungaji mtarajiwa,

Habari za Mukono, na habari za hivyo vitabu vikubwa wanavyokubebesha huko? Huku Katwe, Kampala, tupo, kazi inasonga polepole, mvua inapiga kila jioni na ikipiga rangi haikauki, kwa hiyo nina muda wa kukuandikia vizuri badala ya kukujibu mistari miwili kwa simu kama ninavyofanyaga. Mama anakusalimia, anauliza kama ukishavaa kola bado utakula mihogo kwake. Nimemwambia utakula.

Ujumbe wako nimeupata. Vijana wenu wanataka ukuta wa ukumbi uchorwe tai anaruka juu ya mlima, nyuma jua linachomoza, chini yake YEREMIA 29:11 kwa herufi za dhahabu, na juu kabisa neno Destini, yaani lile Mungu alilokupangia maishani. Sawa, nachora, bei ya undugu, hilo usijali. Lakini wewe mwenyewe ndio ulinichokoza ukauliza eti mimi ninayeandika hayo maneno kwenye vioo vya teksi, yale mabasi madogo ya abiria, kila siku, je nayaamini? Sasa utanisoma mpaka mwisho, umejitakia.

Nianze na kazi yenyewe manake wewe unaijua kwa nje tu. Hakuna andiko ninaloombwa kama hilo la 29:11. Teksi, saluni, duka la simu, madigadi ya boda, malori yanayokwenda Juba, wote wanalitaka. Na kioo cha nyuma cha teksi nafasi ni ndogo bana, pale kuna taa ya breki, kuna stika ya Arsenal ambayo mwenye gari hawezi kuitoa hata umlipe, basi inabaki sehemu ya kuandika YER 29:11 basi, maneno yenyewe hayaingii. Ndio nimegundua kitu: kwa kuwa maneno hayapo, kila mtu anajaza ya kwake. Dereva anasoma kwamba mkopo wa gari utaisha, dada aliyekaa nyuma kwenye foleni pale Banda anasoma visa ya kwenda Dubai, na mwenye saluni anasoma saluni ya pili. Wote wanasema ni Yeremia amesema.

Alafu Yeremia mwenyewe alisema nini? Nimefungua ile Biblia ya Kiswahili ya baba, ile aliyoileta kutoka barakisi, kambini kwa wanajeshi, unaikumbuka, yenye jalada limeungua pembeni. Mstari wa 11 unasema: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Kumbe ile sura ya 29 ni barua! Anawaandikia watu waliobebwa mateka mpaka Babeli, na mstari mmoja tu kabla ya huu tunaoupenda, mstari wa 10, anawaambia mtakaa huko miaka 70. Sabini, ndugu yangu. Maana yake wengi waliosomewa ile barua walikuwa wafie kule kule, mawazo ya amani yangewakuta wajukuu. Huo mstari wa 10 hakuna mteja hata mmoja amewahi kuniomba niuandike, na ningemshauri asiuandike maana abiria watashuka.

Na ukirudi nyuma sura ya 28 unamkuta jamaa anaitwa Hanania. Huyu ndiye angetajirika Kampala ya leo. Yeremia alikuwa anatembea mjini amevaa nira ya mti shingoni, yaani kile kitu cha ng'ombe wa kulima, kuonyesha watu kwamba watakuwa chini ya mfalme wa Babeli. Hanania akaja hekaluni mbele ya watu wote akasema hapana, ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, akaichukua ile nira shingoni kwa mwenzake akaivunja. Hebu fikiria watu walivyoshangilia! Miaka miwili, na kitendo cha kuonekana kwa macho, nira chini vipande viwili. Mwaka ule ule Hanania akafa. Sasa sisi tumechukua jina la Yeremia tukalibandika kwenye ujumbe wa Hanania, ndio ninavyoona mimi, na ndio maana kuchora huo ukuta kama ulivyo kunanisumbua kidogo.

Wewe utasema ah, hiyo ni injili ya mafanikio tu, tuliifundishwa darasani tukaipinga. Ngoja. Ukienda kwenye mikesha ya maombi ya huku kwetu utasikia kitu cha ajabu zaidi ya pesa. Destini ya huku inaibiwa. Inafungwa na shangazi wa kijijini, inazikwa chini ya mti, inacheleweshwa, jirani mwenye kijicho anaikalia, ndio watu wanaomba usiku kucha ifunguliwe. Sasa nikakaa nikajiuliza, huyo John Calvin wenu mnayesoma, yule mwanamageuzi wa Kanisa, aliyekufa Geneva mwaka 1564, angeelewa hapo? Kwake yeye mambo ya kuchaguliwa na Mungu ni kitu ambacho hata shetani hawezi kukigusa, ndio raha yake yote ilikuwa hapo. Na ulinisimulia mwenyewe siku ile pale steji kwamba katika toleo la 1559 la kitabu chake kikubwa, Institutes, hakuanza kitabu na habari ya kuchaguliwa, aliiweka baada ya imani, baada hata ya maombi, kama kitu mtu anakiona akigeuka nyuma kutazama alikotoka. Huku kwetu tunaiweka mbele, kama namba ya bahati nasibu ambayo haijachezeshwa.

Na ninyi Waanglikana si mna zile Ibara 39 za imani yenu, ya 17 ndiyo inazungumza habari hii. Umenisomea nikacheka, manake wazee wale wa 1571 walijua watu. Wanasema fundisho hili ni faraja tamu kwa wamchao Mungu, lakini kwa mtu mdadisi anayeishi kwa tamaa ya mwili ni genge la kumtumbukiza. Halafu Paulo mwenyewe kwenye Warumi 8:29 anasema kabisa tumechaguliwa tangu asili kwa ajili ya nini: tufananishwe na mfano wa Mwana wake. Hakuna gari pale. Hakuna Dubai. Na huyo Mwana mwenyewe tunajua alivyoishia.

Lakini sasa usije ukapanda mimbari ukawapiga madereva na maneno yangu, hapo tutakosana. Mimi nakaa nao. Dereva anaamka saa kumi usiku, gari si lake, jioni lazima mwenye gari apate hesabu yake iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo, katikati kuna mafuta, kuna kondakta, kuna mambo ya barabarani unayoyajua. Mtu kama huyo akiniambia niandikie Mukama Mulungi, yaani Bwana ni mwema, hafundishi theolojia pale, anapumua. Mmoja nilimuuliza kabisa, kwa nini unaandika nyuma wakati wewe unakaa mbele? Akasema, "Mimi naijua, naandika kwa anayenifuata." Nilibaki na brashi mkononi. Na mwenzake Mwislamu ameandika Mashallah, wanapaki pamoja, wakipata ajali wote wawili wanasema liandikwalo ndilo liwalo, hapo hakuna Calvin wala nani. Kwa hiyo mimi kioo cha teksi nakiheshimu. Kioo ni dua ya mtu mmoja. Ukuta wa kanisa ni kitu kingine, ule unafundisha watoto miaka na miaka mpaka rangi ibanduke, na hapo ndipo ninapobishana na tai wenu.

Unajua nimekuwa nikitafuta humo ndani ya Biblia wenzangu wa kazi, wachora mabango. Wapo! Ezekieli sura ya 4 Mungu anamwambia achukue tofali achore juu yake mji wa Yerusalemu. Tofali! Habakuki 2:2 anaambiwa aandike njozi kwenye vibao iwe wazi sana "ili aisomaye apate kusoma kama maji", hiyo ni sheria ya kazi yangu ndugu, herufi isiposomeka gari likiwa linatembea umepoteza rangi. Na Danieli sura ya 5, ule mkono ulioandika kwenye chokaa ya ukuta mfalme Belshaza akiwa kwenye pati yake anakunywa kwa vyombo vya hekalu, magoti yakagongana. Ule ndio ukuta wa kwanza wa destini ninaoujua, na haukumwambia mfalme kwamba wakati wake umefika kwa maana tunayoitumia sisi, ulimwambia amepimwa kwenye mizani akaonekana amepunguka, na usiku ule ule akauawa.

Ukiwatazama hao wote watatu, kwenye tofali ni mji, kwenye vibao ni taifa, kwenye chokaa ni ufalme. Hakuna hata mmoja aliyeandika destini ya mtu binafsi, "yangu". Hata ile barua ya Babeli, ile "ninyi" ni ya wengi, ni watu wote wa uhamishoni kwa pamoja. Na kabla ya ile ahadi wanapewa kazi: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, na mstari wa 7, "kautakieni amani mji ule". Yaani mji wa adui! Wauombee Babeli uwe salama kwa sababu ukiwa salama na wao wako salama. Kwa mtu wa Kampala hiyo mbona ni habari kubwa kuliko tai, sisi tunaolalamikia mji huu kila siku kwenye mashimo yake na mafuriko yake na bado hakuna anayerudi kijijini.

Basi pendekezo langu ni hili, uwapelekee vijana. Tuchore ile barua inavyosomwa. Watu wamekaa chini ya mwembe, mmoja anasoma karatasi, wengine wanajenga nyumba ya matofali, bibi anapalilia matoke, mtoto anabeba jerikeni, na mji uwe huu huu, mabati na boda na minara ya simu. Usiseme si ya kikanisa. Elimo Njau, yule Mtanzania aliyesomea sanaa pale Makerere, mwaka 1959 alichora ndani ya kanisa la Murang'a kule Kenya maisha ya Yesu katika nchi ya Wakikuyu, Yesu mweusi, vilima vya pale pale, na waliofanya ibada humo walikuwa wametoka kwenye vita vya Mau Mau juzi tu, maumivu bado mabichi. Wao hawakuchorewa tai.

Na pembeni upande wa kulia, pale penye dirisha, nataka niweke vijana wa Namugongo, wale mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao. Tarehe 3 Juni 1886, Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto siku moja, na Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama 14 hivi, umri wa hao wanaokuja kwenye ukumbi wenu. Hao nao Mungu aliwawazia mawazo ya amani au hakuwawazia? Mimi jibu sina, ndio maana nataka wawepo ukutani, vijana wawatazame wenyewe halafu waje wakuulize wewe uliyesoma. Kila Juni tunatembea kwenda Namugongo kwa miguu, watu wanatoka mpaka Kongo na Kenya, lakini teksi inayotubeba kurudi imeandikwa ushindi ushindi tu.

Wakikataa kabisa wakataka tai, basi nitampa nafasi juu kwenye kona, awe mdogo, na 29:11 iandikwe yote kwa maneno, isiwe namba peke yake, ianzie mstari wa 10. Hapo sishuki zaidi.

Sasa mambo ya kazi. Plasta ya ule ukuta imekauka au bado inatoa unyevu? Gusa asubuhi kwa kiganja, ikiwa baridi sana bado. Nunueni andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, nyeupe nzuri, msinunue ile ya bei rahisi inayokuja na maji mengi, na rangi za kuchorea nitanunua mwenyewe huku, mnirudishie na risiti. Ile ngazi yenu fupi haitoshi, tafuteni mbao za jukwaa kwa mafundi. Chakula mnipe, pombe sinywi siku hizi. Wajulishe vijana haraka, unipigie baada ya saa mbili usiku ndio simu naishika, na kama padri mkuu ana neno kuhusu Yesu kuvaa gomesi, ile nguo ya wanawake wa Uganda, hapana natania, Mariamu ndiye atavaa gomesi.

Wako wa barakisi,
fundi wa Katwe