Zile picha, subiri kwanza

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na natumai nawe na wote nyumbani hamjambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kusikia kwamba tovuti ya yule mteja wako wa samani imekaribia kukamilika. Mara ya pili nikakwama pale ulipoandika, "Picha zote nimezitoa kwenye tovuti za bure, kwa hiyo hakuna wa kunidai." Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka mitatu iliyopita.

Sikuwahi kukusimulia yaliyonikuta kwa sababu niliona aibu. Nilimtengenezea mtu tovuti, na juu kabisa nikaweka picha ya daraja lililofunikwa na ukungu, mtu mmoja anavuka na mwavuli mwekundu. Ilikuwa picha nzuri ajabu. Niliipakua mahali palipoandikwa kwamba tumia utakavyo. Karibu miaka miwili baadaye mteja akapata barua pepe kutoka kwa wanaomwakilisha mpiga picha: mmetumia bila idhini, lipeni. Nikaukimbilia ule ukurasa nilikoichukua. Haupo. Aliyeipakia, akaunti yake imefutwa. Kumbe picha haikuwa yake, aliinyakua kwa mwenyewe akaipandisha kana kwamba ameipiga yeye. Nikafungua folda yangu: picha arobaini na kitu, majina ya faili ni tarakimu tupu, hata moja sikumbuki ilitoka wapi. Nililipa kwa fedha niliyokuwa nimeiweka akiba ya kompyuta mpya. Lakini kilichoniuma zaidi ni mteja aliponiuliza kwa upole, "Na hizi nyingine je?" Sikuwa na la kumjibu.

Kinachotuponza, Salma, ni hilo neno bure. Maana yake hulipi unapoipakua, basi. Picha bado ina mwenyewe. Hakimiliki huzaliwa na picha yenyewe, na chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886, mpiga picha hahitaji kuisajili popote ndipo alindwe. Anayepakia ndiye anayedai kuwa picha ni yake, na ukisoma masharti ya tovuti nyingi za aina hii utaona zimekataa kubeba dhamana ya dai hilo. Mzigo unabaki kwako uliyeichapisha.

Halafu masharti yenyewe hubadilika. Tovuti ya picha za bure ya Unsplash ilitoa picha kwa leseni ya CC0, yaani mwenye picha anaziachia haki zake zote, hadi Juni 2017, kisha wakaja na leseni yao wenyewe. Pixabay, tovuti nyingine ya aina hiyo, nao waliiacha CC0 mwaka 2019. Kwa hiyo tarehe uliyopakua ina uzito. Mali bila daftari hupotea bila habari: siku hizi kila picha ninayoichukua naipiga picha ya skrini ikiwa kwenye ukurasa wake, leseni ikisomeka, nahifadhi kiungo, jina la aliyeipakia na tarehe. Ni kazi ya dakika mbili. Pia naipitisha TinEye, tovuti ya kutafuta picha kwa picha, kuona imetapakaa wapi kwingine. Nikiikuta inauzwa mahali kwa jina la mtu mwingine, naiacha.

Picha ulizozitoa Flickr, tovuti ambako watu hupakia picha zao, nakuomba uziangalie kwa jicho kali. Nyingi zina leseni za Creative Commons, leseni zilizoandikwa tayari za kuruhusu wengine watumie kazi kwa masharti, zinazotaka umtaje mpiga picha, na matoleo ya zamani ya leseni hizo ni magumu: ukisahau kumtaja, ruhusa yako inakatika palepale. Toleo la 4.0, la mwaka 2013, linakupa siku 30 za kurekebisha tangu ugundue kosa. Wapo wanaoyategea makosa hayo ya matoleo ya zamani ili wadai fedha.

Na ile picha uliyoiweka ya familia inayocheka juu ya kochi? Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mpiga picha anaweza kukupa ruhusa ya picha yake, lakini sura si zake. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Virgin Mobile ya Australia ilichukua picha ya msichana wa Texas kutoka Flickr ikaiweka kwenye tangazo. Leseni iliruhusu matumizi ya biashara, ila msichana mwenyewe hakuulizwa, na familia yake ikaenda mahakamani. Kesi haikufika mbali kwa sababu mahakama ya Texas haikuwa na mamlaka juu ya kampuni ile, lakini sura yake ilikuwa imeshazunguka. Mteja wako anauza makochi, Salma. Mwambie ayapige picha yake mwenyewe, hata kwa simu, karibu na dirisha asubuhi. Wanunuzi watapenda kuona kochi lenyewe watakalolikalia.

Nitumie orodha ya picha zote na viungo vyake kabla hujaipandisha tovuti hewani. Nimejitengea Jumamosi yote, tutazipitia moja moja kwa simu. Tuanze na hiyo ya familia.

Wako akupendaye,
Rehema