Wanaanga hawakuharibika

Mhariri,

Machi 2025 gazeti lako lilichapisha picha ya wanaanga wa Marekani Suni Williams na Butch Wilmore wakitolewa kwa machela baada ya siku 286 angani, likaandika kuwa miili yao "imeharibika". Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka 29. Picha ile mimi naijua.

Enzi zetu aliyevunjika paja alilala wiki sita au zaidi, mguu umefungwa kamba, mfuko wa mchanga unaning'inia mwisho wa kitanda. Namkumbuka utingo mmoja wa lori, miraba minne. Siku ya kumwamsha tulimkalisha kwanza ukingoni mwa kitanda, akatucheka. Kusimama tu: "Sista, nishike!" Midomo myeupe, jasho jembamba, mapigo 130 kwa dakika. Moyo mzima kabisa, ila kwa kulala ulikuwa umezoea damu isiyohitaji kupandishwa kutoka miguuni.

Na angani ni hivyo hivyo. Damu hukimbilia kifuani na usoni, uso huvimba, miguu hukonda. Mwili ukihisi maji yamezidi huyapunguza, na moyo uliopunguziwa kazi hupungua nyama. Mwanaanga Scott Kelly alikaa huko siku 340, 2015 hadi 2016, akifanya mazoezi siku sita kwa wiki. Hata hivyo chumba cha kushoto cha moyo wake kilipoteza karibu robo tatu ya gramu kila wiki. Watafiti walimlinganisha na Benoît Lecomte, aliyeogelea siku 159 katika Pasifiki mwaka 2018. Moyo wake nao ulipungua karibu vilevile, maana maji yalikuwa yamembeba kama kitanda! Mioyo yote miwili iliendelea kufanya kazi vizuri. Mapafu ndiyo hayana kesi kabisa: kule juu damu huyaenea sawasawa zaidi kuliko hapa, ambako nyingi huenda sehemu ya chini.

Halafu mwandishi wenu alisema huko hakuna mvutano wa dunia. Upo. Kwenye kilomita 400 juu, walikokuwa, umebaki karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Wanaelea kwa vile chombo na waliomo wanaanguka pamoja bila kukoma.

Safari nyingine andikeni "wamedhoofika". Yule utingo, siku ya nne alishafika jikoni kwa magongo, kudai bakuli la pili la uji.

Muuguzi mstaafu,
Korogwe, Tanga