Risala ya Walimu wa Klasta Yetu, Wilaya ya Rungwe, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, wazazi na walimu wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Umepanda njia yetu ya utelezi mpaka huku kwenye migomba, nasi hatulichukulii hilo kuwa jambo dogo. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Jumuiya yetu ya Ujifunzaji ilianza na walimu 9 wa shule moja, chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA. Leo tuko 47 kutoka shule 5 zinazounda klasta yetu. Mafanikio yetu ni makubwa mno: mwaka huu hatujakosa kikao hata kimoja, walimu wanaingia kwenye vipindi vya wenzao na kusahihishana bila kununiana, na mada ya sehemu katika Hisabati, iliyokuwa ikirukwa, sasa inafundishwa kwa ndizi na vizibo vya soda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba sasa utusikilize juu ya boma la kituo cha walimu, lile uliloliona ukishuka garini.

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2024, Darasa la Kwanza na la Tatu yakiwemo, ilitupasa kuusoma sisi wenyewe kwanza. Moduli za mafunzo zipo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini tunazifungua kwa simu zetu na bando la mifukoni mwetu, watu 6 wakiinamia kioo kimoja. Tunakutana saa tisa alasiri kwenye madawati ya Darasa la Kwanza. Mvua ikipiga bati lisilo na dari, mwezeshaji hasikiki, kikao kinakufa. Na Rungwe, mheshimiwa, unaijua mvua yake.

Kwa hiyo wazazi walifyatua tofali na kuzichoma, walimu wakachanga saruji, boma likafika usawa wa lenta. Lilibaki kupaua tu.

Mwaka juzi, kwenye meza hii hii, mgeni rasmi wetu alituahidi mabati 60. Kina mama walipiga vigelegele, fundi akapima mbao kesho yake. Mwaka jana mgeni mwingine akaongeza ahadi ikawa mabati 80, akatuambia tusihangaike tena kuchangishana. Tulimtii. Tumeandika barua 3 za kukumbushia, na nakala zake zimo katika bahasha tutakayokukabidhi. Mpaka asubuhi ya leo hatujapokea bati hata moja. Kozi za juu za tofali zimeanza kumomonyoka, na wazazi wanatuuliza michango yao iko wapi. Swali hilo linatuumiza, kwa sababu wana haki ya kuuliza.

Hatusemi haya kwa kukosa adabu. Tunakuheshimu, ndiyo maana tunakueleza yote.

Ombi letu ni moja: mabati 80 na mbao za kupaulia, kabla ya masika. Ufundi tutalipa wenyewe. Umeme, kompyuta na intaneti tutaviomba siku nyingine, tukiwa chini ya paa. Tena tunaomba, kwa unyenyekevu, utakapojibu risala hii ututajie tarehe, na jina la ofisa tutakayemfuata, ili Katibu aandike kwenye muhtasari mbele ya wazazi hawa.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Jumuiya ya Ujifunzaji
Imesomwa na Katibu