Salamu za Shukrani: Familia ya Marehemu Bibi Mawese wa Kitongoni, Ujiji

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na salamu kwa wote.

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu wa marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Bibi Mawese, tunatoa shukrani za dhati kwa wote mlioshirikiana nasi tangu alipougua, alipofariki dunia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, hadi tulipomsitiri hapa Ujiji. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimepewa mimi jukumu la kuandika kwa niaba ya familia kwa kuwa ndiye binti mkubwa, na kwa kuwa wanaume wa nyumba hii hawajawahi kuandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa kutuma pesa.

Kama mjuavyo, kitindamimba wetu ni askari wa JWTZ. Yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati na kikosi cha Tanzania, katika ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa uitwao MINUSCA, ambao ulianzishwa mwaka 2014. Kwa sababu hiyo salamu zetu zitakuwa ndefu kidogo, mtuvumilie. Msiba ukiingia kwenye nyumba ambayo mtoto wake wa kiume yuko kazini nje ya nchi, kuna nafasi zinabaki wazi na lazima mtu azijaze. Nyinyi mlizijaza.

Tunaanza na madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake Maweni. Mama alikuwa mgonjwa mkaidi, dawa anameza kwa masharti, na mliyapokea masharti yake kwa subira. Mungu awalipe.

Swali la kwanza baada ya kupata taarifa lilikuwa moja: tumngoje au tusimngoje? Kwetu maiti hacheleweshwi. Kikosi kilimpa mdogo wetu ruhusa bila kusita, na tunawashukuru sana makamanda wake, lakini ruhusa haina mabawa. Wenzetu wako Berberati, magharibi ya nchi ile, na kutoka pale mtu anategemea ndege za Umoja wa Mataifa hadi Bangui, kisha atafute ndege ya kumleta Dar es Salaam, kisha Kigoma. Wazee walikaa barazani wakagawanyika. Yeye mwenyewe ndiye aliyekata shauri kwa simu. Alisema, "Msimngojeshe mama kwa ajili yangu, amengoja vya kutosha."

Waliokuwepo siku zile wanajua alichokuwa anakisema. Mwishoni mwa 1978, Idi Amin alipovamia Kagera, marehemu baba alikwenda vitani na mgambo wenzake akamwacha mama na ujauzito wangu. Barua ilikuwa inachukua wiki na wiki, na nyingine hazikufika kabisa. Kampala ilianguka Aprili 1979, watu wakashangilia mitaani, na mama akaendelea kungoja kwa sababu redio haikutaja nani amepona. Majirani wa Kitongoni ndio waliomlisha na kumlea mzazi yule na kichanga chake. Kwa hiyo wazee wangu mliobaki, shukrani hizi ni za misiba miwili, mmoja ambao ulitokea na mmoja ambao Mungu aliuepusha.

Na mwaka 2017, tarehe 7 Desemba, kambi ya askari wetu ilipovamiwa kule Semuliki, Beni, nchini Kongo, wakauawa wasiopungua 14 na wengine wengi kujeruhiwa, mama alizima redio akaketi na tasbihi hadi alfajiri. Mdogo wetu hakuwa huko, alikuwa nchini. Mama alijua hilo vizuri. "Kwani wale hawana mama?" ndiyo kauli aliyotujibu. Sisi watu wa Kigoma vita vya Kongo hatukuvisoma kwenye gazeti. Tumewapokea watu wake ufukweni na kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tunafanya nao biashara, tumeoana nao. Mmoja wa akina mama hao, aliyevuka ziwa miaka mingi iliyopita na sasa anauza vitenge sokoni, alikesha nasi na kuosha vyombo hadi vikaisha. Mama wa vitenge, ile kazi haikuwa ya mgeni. Ahsante.

Shukrani za pekee, na hapa naomba niseme taratibu, ziwaendee wake wa askari wa kota za Tabora. Wifi yetu anaishi huko na watoto. Taarifa ilimkuta jioni, hana nauli, mtoto mmoja yuko katikati ya mitihani, na treni haikuwa ya siku ile. Kabla ya isha walikuwa wamechanga, wamekodi Noah, wamemfungia chapati za njiani, na mmoja wao amemchukua yule mwanafunzi kwake pamoja na sare zake na ndoo yake ya kuogea. Wawili walipanda naye gari wakapita Urambo, Kaliua, wakavuka Malagarasi usiku, wakafika Ujiji asubuhi na macho mekundu. Wakaulizwa kama watapumzika kidogo. Wakauliza jiko liko wapi.

Hawa wanawake hawana cheo wala mshahara wa kazi hiyo. Waume zao wako Afrika ya Kati, Lebanon, Kongo, mipakani, na wao wameshajifunza kwamba dharura ya mwenzako leo ni yako kesho. Ukiwakuta wanacheka uani usidhani hawana wanalowaza.

Mazishi yalikuwa saa kumi alasiri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo desturi. Mjomba na mpwa wetu mkubwa ndio walioshuka kaburini, mjomba akisimama mahali pa mtoto kwa kuombwa na mtoto mwenyewe. Kijana wa jirani alishika simu ili mdogo wetu aone. Huko Berberati ilikuwa saa nane mchana. Mtandao ulikatika wakati wa kuteremsha, ukarudi wakati wa kutia udongo, ukakatika tena kwenye talakini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini. Kijana alikuwa anazunguka kaburi akitafuta mtandao huku watu wanamwambia asikanyage, naye anasema "anaona, anaona, ngojeni." Tunakushukuru mwanetu, na ile kanzu ya kuazima uliyoitia matope tumeshaifua na kumrudishia mwenyewe.

Tulisimuliwa baadaye kwamba askari wenzake Waislamu walimswalia mama swala ya ghaibu, ile ya kumswalia maiti aliye mbali, palepale kambini, na wenzao Wakristo wakasimama nyuma yao, kofia mkononi, mpaka dua ikaisha. Familia nzima tulilia upya tuliposikia hayo. Wanetu mlioko huko, hamkumjua mama yetu, na mama yenu mmoja mmoja hatumjui. Mungu awarudishe salama kwao.

Tunawashukuru pia masheikh na maimamu wa Ujiji, mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wa nyumba kumi, kwaya ya akina mama waliokuja na sukari na kuketi kimya kwa heshima, wavuvi wa Kibirizi kwa migebuka na dagaa, wauza mawese wenzake waliofunga meza zao siku nzima, na bodaboda wa kijiweni kwetu waliowabeba wazee kwenda na kurudi makaburini bila kudai hata ya mafuta. Askari wastaafu, mlikuja na mabereti yenu, mkajipanga wenyewe bila kuitwa. Daftari la rambirambi lina majina mengi. Wengine mliandika "jirani" tu na kutuachia kazi ya kubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo lilituumiza, nalo tunalisema bila kumtaja mtu na bila kinyongo. Mama alifariki usiku wa manane. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mdogo wetu aambiwe na mkubwa wake wa kazi, ana kwa ana, akiwa amewekwa chini, maana yule ni mtu wa lindo na silaha. Kabla ya alfajiri picha ya mama ilikuwa imeshawekwa kwenye stetasi na mishumaa na maneno "pumzika kwa amani bibi yetu." Aliiona akiwa peke yake. Kamanda alipofika kumwambia, alimkuta ameketi chini na simu mkononi. Aliyeweka aliweka kwa mapenzi, hilo tunaliamini. Lakini tunaomba sana: nyumba yenye mtoto aliye mbali, jeshini au kokote, ipeni familia nafasi ya kumfikia kwanza. Na picha za mdogo wetu akiwa na sare, pamoja na habari za tarehe atakayosafiri, zitoeni mitandaoni. Hizo si habari za kusambaza.

Kigoma ina nyumba nyingine za namna hii, na nyingi hazijapata msiba, zinangoja tu simu iite jioni. Anayefahamu nyumba hiyo mtaani kwake apite hata siku isiyo na tukio. Mama alipenda mtu aje amuulize "kijana amepiga?" hata kama jibu ni lile lile. Wengine waliogopa kuuliza wakidhani wanamtonesha. Hawakuwa wanamtonesha.

Hitima ya arobaini itasomwa nyumbani Kitongoni, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya swala ya alasiri. Inshallah mdogo wetu atakuwepo, hivyo wenye mazungumzo naye ya mikopo mtuachie siku hiyo. Rambirambi zilizobaki baada ya gharama, kwa kauli moja ya familia, zimekwenda kwenye mfuko wa wale wanawake wa kota za Tabora, kwa ajili ya nauli ya atakayefuata. Walizikataa mara ya kwanza. Wifi yetu aliziacha chini ya mto wa mwenyekiti wao.

Mwisho, bado tuna sufuria mbili kubwa, moja ina mkono uliochomelewa, mkeka mmoja wa kijani, viti vya plastiki sita visivyo na jina na termosi ya bluu bila kifuniko. Kifuniko chake pia tunacho, kimepatikana juzi chini ya kitanda. Wenyewe mpite wakati wowote, mlango uko wazi, na ugali wa muhogo haujawahi kukosekana.

Kwa niaba ya familia,
Binti mkubwa wa marehemu