Barua ya wazi kwako binamu: kabla binti yako hajaripoti kidato cha tano

Mwangaluka, binamu.

Hongera kwa binti. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kapangiwa shule ileile yetu, pale juu ya mawe. Shangazi alivyopiga vigelegele kwenye simu nilidhani kuna posa. Nimefurahi, tena sana, na wala sisemi kwa kutimiza adabu.

Umeniomba nimwandikie mtoto maneno mawili matatu ya kumwongoza, kwa kuwa "wewe ndiye uliyekuwa mtu wa maktaba". Hapo ndipo uliponichokoza. Nakuandikia wewe kwanza, na naandika hadharani, kwa sababu kwenye grupu la ukoo ukiguswa jambo hili unaweka dole gumba kisha unahamia kwenye michango.

Haya, ya mtoto. Asitegemee prepo peke yake, umeme wa pale unajulikana. Aende maktaba mchana baada ya ugali, wenzake wakiwa wamelala bwenini. Mwalimu atamwaga Kiingereza dakika 80 bila kupumua; akitoka, watoto wakae waelezane upya kwa Kiswahili, maana sisi hata osmosisi tuliielewa hivyo, chini ya mwembe, wale wa Magu wakimalizia kwa Kisukuma. Asikariri madesa ya kaka zake. Na jenetiki aisome mwenyewe, kitabuni. Mchoro wa urithi wa selimundu, ule ugonjwa wa damu, auchore mpaka mkono uzoee: wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya ugonjwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kwetu Kanda ya Ziwa hilo si swali la mtihani tu. Wewe daktari unawaona kila siku.

Mimi mchoro ule nimekuja kuuelewa ukubwani. Sababu unaijua.

Kile kitabu kinene cha Baiolojia, mzee wa maktaba alikuwa amekishona mgongo kwa kitambaa cha kaki, juu akaandika 570 kwa wino mweupe. Alivyozipenda zile namba za Dewey za kupangia vitabu! Mmarekani yule kazichapisha mwaka 1876, mzee akazishika kama amri za Mungu. Madaraja ya Dewey ni kumi, rafu zetu zilikuwa tano. Kwenye 700, ya sanaa, hatukuwa na kitabu hata kimoja, mzee akaweka boksi za chaki, na ukitaka chaki ulitakiwa useme "naomba mia saba". Siku ya dagaa alikunusa vidole mlangoni. Kitabu chenyewe nakala moja kwa kidato kizima, hakitoki nje.

Jioni ile nakifungua, nakuta mabaki ya kurasa yamesimama kwenye mshono. Zimekatwa kwa wembe, zote kwa mstari mmoja, hakuna iliyochanika. Jenetiki yote, kuanzia njegere za Mendel. Aliyekata hakuwa na haraka.

Funguo zilikuwa kwangu, kwa hiyo mstarini likatajwa jina langu, na mzazi wangu akaitwa alipe. Baba akavuka na kivuko cha Kamanga, hela kaifunga kwenye leso. Nimesimama kwenye mlango wa ofisi, nakuona unashuka mbio hadi getini. "Shikamoo mjomba." Ukampokea begi. Ukamuuliza mvua za Sengerema, ukamuuliza ng'ombe, ukamleta taratibu kwenye ile ngazi ya mawe kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua. Mlangoni ukamrudishia begi lake, akaingia kulipa. Alipotoka akakupa hela ya sabuni. Akaniambia mimi, "Muige mwenzio."

Na mimi nikaona kweli una adabu. Mpaka siku ya kufunga matranka baada ya mtihani wa mwisho, ulipoinua kauntabuku yako zikadondoka.

Kukata kurasa nilishakusamehe. Njaa ya kufaulu tulikuwa nayo sote. Begi ndilo lililonishinda.

Wanaosema nilivunja undugu kwa kumweleza shangazi, nawauliza ningemweleza lini. Kabla ya mtihani sikuwa na ushahidi. Baada ya matokeo wewe una divisheni wani na mimi thrii, basi ikaitwa wivu. Thrii yangu sijawahi kukubebesha. Fizikia ilinipiga bila msaada wako. Nilisema kwa sababu baba alikuwa amelipia kosa ambalo halikutoka nyumbani kwake, na mtu mmoja angalau katika ukoo alipaswa kujua. Baba mwenyewe sikumwambia, na hilo mnipe kidogo. Mpaka leo anakuita "mwanangu daktari". Alipolazwa ulikesha naye usiku kucha ukimbadilishia dripu mwenyewe, wala sijasahau, na kama si wewe sijui.

Lakini binamu, msibani Usagara! Tunamzika mzee wa maktaba, unashika kipaza sauti unasema, "Vitabu vya mzee huyu ndivyo vilivyonifikisha hapa." Uliongea vizuri mno. Mama waliokaa mkekani walilia, na mimi nililia, nikawa nakasirika huku nalia. Vilikufikisha, ndiyo. Vingine vikiwa ndani ya tranka lako.

Sasa sikiliza. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2022/2023, kwa hiyo usinitajie ugumu wa maisha. Kivuko cha Busisi nacho si kisingizio tena kwa mtu wa Geita. Daraja la Kigongo limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3, unapita na gari lako unapiga mluzi. Siku ya kumpeleka binti nunua nakala mbili za kitabu cha Baiolojia. Moja yake. Nyingine ikabidhi maktaba, na kwenye rejista, pale pa aliyetoa, waandike jina la baba yangu. La kwako lisionekane.

Nitakuwepo getini kuanzia saa tatu. Begi la mtoto nitalipokea mimi.